Kandambili ya Mwalimu Lubawa

Usiku ule wa kuamkia Alhamisi, saa tisa kasoro robo, nilimwona Mwalimu Lubawa. Marehemu alitufundisha ujenzi kidato cha tatu, na alikuwa hapendi majibu ya kukariri. Kipindi chake cha mwisho alichora kijipaa cha zege kinachotokeza juu ya mlango, kimeshikwa na ukuta upande mmoja tu.

"Nondo zinakaa wapi?"

Darasa zima: "Chini!" Maana boriti zote tulizosoma, nondo, vile vyuma vya ndani ya zege, ziko chini.

"Kwa nini?"

Tukainamia madaftari. Akacheka. "Haya, fikirini. Mtaniambia kesho."

Kesho yake hakuja, tukaletewa habari za msiba wake. Mimi nilihisi ni juu, ila kwa aibu zangu nilinyamaza.

Ndotoni tulikuwa darasani, mvua inanyesha humohumo ndani na hakuna anayeloa. Mwalimu amevaa kandambili moja. Ya pili anayo mkononi, kaichanja kwa wembe juu na chini. Anaitandika kati ya madawati mawili, anaibonyeza katikati: mipasuko ya chini inaachama, palepale nondo za boriti zinapokaa kuzuia zege lisichanike. Mara hakuna madawati, tuko mlangoni pa karakana. Anagandamiza kisigino cha kandambili ukutani, anabonyeza ncha.

"Binti, sasa inachanika wapi?"

Naona kabisa. Nafungua mdomo, sauti haitoki. Nyuma yangu wenzangu wanaimba, "Chiiini!"

"Nilisema kesho," ananiambia, wala hana hasira. Heri angekuwa nayo. "Nimefuata jibu langu."

Nikaamka mto umelowa.

Na siku hiyohiyo ndiyo tulikuwa tunamwaga zege la kijipaa cha karakana yetu. Nondo tulishazifunga, zote chini. Watu watapita chini yake.

Asubuhi nikaichanja kandambili yangu ya kuogea. Nafika, toroli limeshajaa zege, na mwalimu mpya aliyeshika nafasi ya marehemu anasimamia.

"Mwalimu, samahani…"

"Heee! Bubu kaongea!" Juma akapayuka. "Tena kaja na ndala!"

Wakacheka wote. Mwalimu mpya hakucheka. "Sema, binti."

Nikaigandamiza ndala ukutani, nikabonyeza ncha. Mipasuko ya juu ikaachama. Mwalimu akaitazama, akazitazama nondo, akamwambia Juma aweke koleo chini.

"Kwa hiyo zinakaa wapi?"

Nikajibu, kwa sauti ambayo Mwalimu Lubawa hakuwahi kuisikia:

"Juu."