Koti la Mkono Mmoja Mrefu

Wachora katuni hawajui nguo. Hilo nimelisema mara nyingi na nitalisema tena, nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Satwa, Dubai, ambako tangu nifike kutoka Mombasa nashona mabaibui, napunguza suruali, na siku hizi nawavisha watu wazima wanaotaka kufanana na watu wa kwenye katuni. Mchoraji anakuchorea binti aliyevaa gauni lililombana kuanzia shingoni hadi magotini, halina kifungo, halina hata mpasuo. Sasa huyo binti aliingia vipi humo? Alimiminwa? Na yule shujaa mwenye joho linalofagia chini, anaruka nalo juu ya majumba na halinasi hata msumari! Wallahi, angekuwa jirani yangu ningemwita nimpandishie pindo bure.

Maneno haya nilianza kwa kuwaambia wateja. Mmoja akanirekodi, akaipeleka sauti yangu kwenye kundi lao la simu, kundi la Waswahili wa hapa Dubai wanaopenda katuni. Humo mna walinzi, wahudumu wa hoteli, madereva, Wakenya, Watanzania, Waganda. Nikaingizwa na mimi. Tangu hapo habari yoyote ya katuni ikitoka, wananiuliza, "Fundi, unasemaje?" Kampuni ikibadilisha nguo ya mhusika waliyemzoea, watu wanagombana siku tatu, wengine wanaapa hawatatazama tena. Mimi natuma sauti yangu: lile gauni la kwanza lisingemruhusu hata kukaa kitako, mwacheni mtoto wa watu apumue. Wanacheka, wanaisambaza. Zilipokuja habari kwamba kompyuta sasa zinachora zenyewe na wachoraji wanapoteza kazi, sikuwa na mzaha. Nilisema mashine haijawahi kumuuliza mteja anabanwa wapi. Kwa hilo nilisifiwa wiki nzima, na nikiri tu, kichwa kilianza kuvimba.

Basi akaja msichana mmoja, Mkenya wa bara, mhudumu wa mkahawa kule Marina, anayekaa Karama chumba kimoja na wenzake watano. Huyu hakutaka kufanana na katuni ya mtu. Katuni ilikuwa yake. Aliichora mwenyewe, picha baada ya picha, siku zake za mapumziko, amejikunyata kwenye kitanda cha juu, mpaka ikafika dakika tano.

"Aunty," aliniambia, "nimepata nafasi kwa lile tamasha la mashabiki. Ijumaa saa kumi, kwa jukwaa ndogo ya wachoraji wapya. Nina dakika kumi pekee."

Watu wa studio moja wangekuwepo, akanieleza, na kati ya hao wachoraji wapya wangemchagua mmoja wa kujifunza kazi kwao. Alikuwa amemwomba madam wake ruhusa mara tatu ndipo akaipata siku ile. Sasa alitaka koti analovaa mtoto wa katuni yake, alivae jukwaani. Akaniachia mchoro na kitambaa cha rangi ya bizari, kipande cha mwisho cha jora zima, akakimbilia zamu yake.

Nikautandaza mchoro mezani. Koti zuri, lina kofia, lina mifuko. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kupita wa kulia, umening'inia karibu na goti. Nilicheka. Nikamwonyesha arbab wangu, mzee wa Kipakistani mwenye duka, nikamwambia, "Hawa wachora katuni wangu hata mikono miwili hawawezi kuilinganisha." Nikaona bora nimsitiri. Binti wa watu asimame mbele ya wageni, koti limekwenda upande, na kundi zima linajua fundi ni mimi? Nikaikata mikono sawasawa, nikaipiga pasi ikatulia. Vipande vilivyobaki vikaingia kwenye gunia la mabaki, na gunia huchukuliwa kila Alhamisi. Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Sikupiga. Fundi mzima nimuulize mtoto jinsi ya kukata mkono?

Ijumaa alifika saa tano na nusu, meno yote nje. Akalivaa koti mbele ya kioo. Akainua mkono wa kushoto, akautazama, akaushusha, akauinua tena.

"Aunty, ule urefu uko wapi?"

"Nimekurekebishia, mwanangu. Ulikuwa umekosea."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akajivuta kofia ya koti mpaka usoni, na kutoka humo ndani akanieleza. Katuni yake ni ya mama anayefanya kazi nchi ya mbali, anamshonea mtoto wake koti bila kumwona. Mkono mmoja anaushona kwa kipimo cha mtoto aliyemwacha. Wa pili anaushona kwa kipimo cha mtoto anayedhani ameshakua.

"Na mwisho sikumaliza kuchora," alisema. "Muda uliniishia. Picha zinakatika mtoto akifungua mzigo. Niliwaambia watu wa tamasha nitamalizia mwenyewe pale mbele, nikiwa nimevaa koti, nikunjue ule mkono. Sasa nitakunjua nini?"

Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Maduka ya vitambaa yalikuwa yanafungwa kwa ajili ya swala ya Ijumaa, na hata yangekuwa wazi, rangi ile ilikuwa imekwisha. Arbab akavaa kofia yake. "Khalas, nafunga," akasema. Nikamwambia akitaka kufunga atufungie ndani. Akanitazama mimi, akamtazama binti aliyejificha kwenye koti, akashusha mlango nusu. "Yalla, kazi," akasema, akaenda msikitini.

Nikaligeuza koti ndani nje. Mimi ni mwoga, huacha pindo pana kuliko inavyotakiwa, na siku hiyo niliushukuru uoga wangu. Nikafumua pindo, nikapata vipande viwili. Mfuko wa ndani nikaung'oa, kikawa cha tatu. Kofia nikaipunguza, kikapatikana cha nne. Nikaviunga kimoja kimoja mwishoni mwa ule mkono. Kila kiungo kilionekana waziwazi, na kitambaa hakikulala upande mmoja, kipande hiki kinang'aa, kile kimefifia. Katika maisha yangu sijatoa dukani kazi mbaya namna ile.

"Samahani, mwanangu. Viraka vimeonekana."

"Urefu umefika?"

"Umefika."

"Basi twende, aunty."

"Twende wapi? Mimi?"

"Na ikifumuka huko, nani atashona?"

Haya. Nikachukua sindano na uzi, tukapanda teksi.

Watu wazima wenye furaha kiasi kile sikuwa nimewaona. Mwanamume mmoja mwenye mabawa alikuwa amekwama mlangoni, nyuma yake foleni imesimama. Nikamwambia, "Geuka ubavu, baba," nikamsukuma kidogo, akapita. Mlinzi wa mlangoni, Mkenya, akaruka aliposikia sauti yangu. "Ngai! Si wewe ndiye yule fundi wa kundi!" Akawaita wenzake, nikapigwa picha katikati ya mabinti wawili wenye nywele za buluu. Siku nyingine ningejisikia malkia. Siku hiyo nilitaka kuingia chini ya meza, maana niliyeharibu kazi ya watu ndiye niliyekuwa nikisifiwa.

Saa kumi ikafika. Viti vya plastiki vilijaa, watu wa studio wako mstari wa mbele na karatasi zao. Katuni ikaanza. Mama wa kwenye picha alikuwa akishona huku simu ameibana begani, anamuuliza mtoto siku hizi anafika wapi. Mtoto anaweka kiganja juu ya kichwa chake, "Hapa!" Mama anarudia kuuliza, mtoto naye anarudia kuonyesha, kwa nguvu zaidi. Watu wakacheka sana. Kisha mzigo ukafika, mtoto akaanza kuufungua, na picha ikasimama.

Binti akatokea kando ya pazia amevaa koti. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa, uko sawa na wa kulia. Akaanza kuukunjua taratibu. Kikashuka kipande cha kwanza, na kiungo chake. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Mkono ukaning'inia mpaka karibu na goti. Akaishika ile ncha, akaipeleka puani, akainusa.

Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikanong'ona kwa Kiswahili, "Kumbe mama alikuwa anaongeza kila mwaka." Halafu makofi, na mimi siwezi hata kuinua mikono, ninalia tu. Nina binti Mombasa. Ana miaka kumi na miwili, analelewa na mama yangu, na kila Idi namshonea gauni kwa kukisia. Tangu asubuhi nilikuwa mbioni na aibu yangu, wala sikuwa nimepata nafasi ya kuona kwamba koti lile linanihusu.

Wachoraji wote walipomaliza, mzee mmoja wa studio alikuja akagusa viungo kwa kidole, akauliza kwa Kiingereza wazo lile limetoka wapi. Binti akaninyooshea mkono. "Kwa fundi wangu." Nakwambia kweli, nilitamani kunyamaza nikubali. Lakini nikasema, "No, sir. Nilikosea. Niliukata." Binti akatafsiri, mzee akacheka mpaka akashika kiti, kisha akamwambia aje Jumatatu, alete michoro yake yote, na wamwonyeshe meza yake. Binti alinirukia shingoni nusura tuanguke. Nilipiga vigelegele peke yangu ukumbi mzima, na yule mwenye mabawa akaniitikia.

Nikatoka nje, nikatafuta kivuli, nikampigia mwanangu.

"Chukua tepu ya nyanya yako, jipime mkono. Kuanzia begani."

"Kwa nini, mama? Si wewe huwa unajua?"

"Sijui. Nipimie."

Akashusha sauti. "Mama, usikasirike. Lile gauni la Idi nilimpa mtoto wa jirani. Na la mwaka jana pia. Yalinibana. Nyanya alisema tusikwambie."

"Na zile picha ulizonitumia umelivaa?"

"Nyuma zipu ilikuwa wazi."

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, watu wananipita wakidhani na mimi niko kwenye maigizo. Nikamwambia haya, nisomee namba. Akanisomea. Nikamwambia apime upya, mkono mrefu hivyo hauwezi kuwa wa mtoto wangu.

"Ni wangu, mama," akasema.