Madoa ya Mabibo

Wiki iliyopita nesi mmoja wa hapa Kibaha aliniuliza swali lililonirudisha utotoni bila kunipa nafasi ya kujiandaa. Nilikuwa nimempeleka mwanangu wa kiume hospitali. Ana miaka ishirini na mbili na pombe imeshamshika. Nesi akashika kalamu, akasema, "Mama, kwenye ukoo wenu kuna mwingine aliyekuwa mlevi? Haya mambo na damu inachangia." Nikajibu harakaharaka, "Babu yangu." Mwanangu alikuwa anatazama sakafu.

Nimechoka, ndugu yangu, sikufichi. Na nikichoka namna hii nakumbuka Masaki, kule Kisarawe, nyumbani kwa bibi.

Msimu wa mabibo ulipofika, uwanja mzima ulinukia utamu uliochacha. Mimi niliyaokota chini ya mikorosho, nikanyofoa korosho zake na kuzianika. Bibi aliyatwanga mabibo kwenye kinu, tukakamua, na maji yake yakaachwa kwenye ndoo siku mbili tatu mpaka yawe pombe ya kuuza. Mchana tulikula muhogo wa kuchemsha kwa chumvi, na vidole bado vinanata. Muhogo ule sijaupata tena popote.

Mdogo wangu hakuruhusiwa kusogelea ndoo. Alikuwa amepewa jina la babu, kama ilivyo desturi, na bibi akimwita "mume wangu" sote tukicheka. Lakini akiwa peke yake jikoni, bibi hakucheka. Babu alifia njiani akitoka kunywa, na mdogo wangu alikuwa mgomvi, hakai chini, ukimtuma chumvi anarudi na kenge. "Kamchukua babu yenu mzimamzima," bibi alisema, akampa kazi ya kuni, mbali na kinu. Jioni alimkagua shati. Doa la bibo halitoki nguoni hata ufue vipi, na kwake doa moja lilikuwa fimbo.

Mimi nilikuwa mpole. "Huyu damu ya kwetu, hana neno," bibi alisema. Basi kazi ya kuonja ikawa yangu. "Haya mjukuu wangu, onja, imeiva?" Kijiko kimoja, baadaye nusu kikombe. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliupenda ule ukali, na zaidi niliupenda utulivu uliokuja nyuma yake. Gauni langu lilijaa madoa kifuani, na hakuna aliyeniuliza. Siku mwalimu aliposema ninanuka pombe, bibi alimjibu kwamba ni mabibo tu, mtoto anasaidia kazi.

Mdogo wangu leo ni mtu mzima, anaendesha bodaboda, bado mgomvi, na hajawahi kuonja hata tone. Mimi nilikuja kuolewa Maili Moja, nikafungua duka, na kwa miaka tisa nilikunywa nyuma ya kaunta, kwenye kikombe cha chai, nikiwatabasamia wateja. Niliacha mwenyewe, kwa taabu, na sikumwambia mtu.

Halafu nikafanya kosa lilelile la bibi. Binti yangu ana kelele, anapenda kutoka, kwa hiyo nilikuwa nampekua mkoba kila akirudi. Kaka yake alikuwa mkimya, anasaidia dukani. Nilimwamini. Hata macho yalipoanza kuwa mekundu, nilisema ni usingizi.

Simlaumu bibi. Alimwogopea mdogo wangu kwa mapenzi, ila aliangalia upande mmoja tu. Amekwishafariki, mikorosho yake imekatwa ikawa mkaa, na pale kwenye kinu pamejengwa nyumba ya watu nisiowajua. Hakuna wa kumuuliza kama aliwahi kuliona gauni langu.

"Babu peke yake?" nesi aliuliza tena.

Nilitazama mikono ya mwanangu. Ilikuwa inatetemeka kama yangu ilivyotetemeka wakati ule.

"Andika na mama yake," nikasema.

Mwanangu akainua uso. "Wewe, mama?"

"Mimi. Miaka tisa."

Alivuta kiti chake kikagusana na changu, na nesi akaandika.