Jina Ambalo Mama Hakuniambia

Mama alihamia kwangu Migosi baada ya kupotea mara ya tatu. Alikuwa ameuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Otonglo tangu mimi nikiwa mtoto, na siku hiyo walimkuta upande wa pili wa barabara akiwauliza watu soko limehamishwa lini. Mwanamke wa kibanda jirani alinipigia simu. Nilimkuta mama ameketi juu ya kreti la soda, beseni tupu mapajani, amekasirika kama mtu aliyedanganywa.

Mimi nilipewa jina la shangazi yangu, dada yake baba, aliyefariki miezi michache kabla sijazaliwa. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, na marehemu mwenyewe huja kuliomba, kwa ndoto au kwa kilio cha mtoto. Baba alipenda kuwasimulia wageni jinsi nilivyolia siku mbili mfululizo. Watu wa nyumbani wakanitajia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lilipotajwa la dada yake nikanyamaza papo hapo. "Alijichagulia mwenyewe," baba alikuwa akimalizia. Nilikua nikijivunia jambo hilo. Mama hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Aliniita nyathina, mwanangu, nami nikadhani ni mapenzi tu.

Asubuhi moja nilikuwa nampaka mafuta miguuni aliponitazama usoni na kuniita kwa jina langu. Niliinua kichwa kwa furaha. Kisha akasema, "Wifi, umerudi kufanya nini?"

"Mama, ni mimi, mwanao."

"Mwanangu wa kwanza nilimzika. Na wewe ulisimama pale kaburini ukamwambia kaka yako kwamba mikono yangu inaua watoto."

Nilijua kwamba kabla yangu alikuwepo mtoto wa kiume aliyekufa kwa surua. Hilo la kaburini sikuwa nimelisikia kamwe. Nilikuwa nimeacha kumpaka mafuta.

"Halafu na huyu wa kike ukamtaka," akaendelea. "Umeshakufa, na bado ukaja kumchukua. Eti alinyamaza aliposikia jina lako! Wao wakitaja majina, mimi nilimfunika leso nikampa titi. Ndiyo maana alinyamaza. Hakuna aliyeona."

"Wewe ulitaka aitwe nani?" nikamuuliza.

Akanicheka. "Nikuambie wewe? Ili ulichukue na hilo?"

Tangu siku hiyo sikutulia. Kumbe lilikuwepo jina jingine, alilonichagulia mama akiwa bado na mimba yangu, akalimeza. Siku alizonitambua kuwa ni mwanawe nilimuuliza taratibu, nikimkatia ugali vipande vidogo. "Si una jina, nyathina?" alinijibu. "Baba yako alikupa." Kisha akaomba chai. Siku alizonidhania kuwa ni shangazi ndizo alizokumbuka kwamba jina hilo lipo, na shangazi hakuwa tayari kumwambia yeye. Nilimtajia majina kwa kubahatisha, ya waliozaliwa wakati wa mvua, alfajiri au mavuno, hata la mama yake mzazi. Alitafuna tu.

Baba alikuwa ameshafariki. Nilikwenda mtaa wa Manyatta kumuuliza mwanamke mzee aliyewahi kuuza samaki pamoja na mama ujanani. Aliniambia mama hakuwa mtu wa kusema mambo ya nyumbani kwake.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa dhambi. Mama aliponiita wifi tena, sikumkatalia. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema, "Wifi, nisamehe. Mikono yako haikuua mtu. Nilisema kwa sababu ya uchungu."

Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika.

"Umechelewa," akasema, akageukia ukutani.

Hakuniita wifi tena, wala nyathina. Wiki chache baadaye maneno yalimwishia kabisa, ikabaki sauti ya koo tu alipotaka maji. Alifariki wakati wa mvua. Pale mazishini shemeji mmoja wa baba alisimama akasimulia, kwa nia njema kabisa, jinsi nilivyonyamaza nikiwa mchanga. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikatazama chini. Sikuwa na jina jingine la kuwapa.

Binti yangu ni mjamzito sasa. Juzi alinipigia simu akasema akipata msichana atampa jina la mama yangu. "Sawa, mama?" akaniuliza. Nikamwambia sawa. Baada ya kukata simu niliketi na sahani za mchana zikiwa hazijaoshwa, nikawaza kwamba hata hilo jina lake mwenyewe, sijui mama alipewa kwa ajili ya nani, wala kama alilipenda. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza.