Mkutano Uliozimwa Sauti

Nilikuwa msaidizi wa utafiti pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, cheo kikubwa kweli kwa mtu wa kubeba kompyuta na kupanga viti. Mtafiti mwenyewe, profesa mwenye Kiswahili cha darasani, alikaa Ulaya. Programu yake ya mikutano ya mtandaoni, alisema, inamfikisha mashinani. Mashinani gani, jamani, na mtu hajainuka kitini?

Siku hiyo aliwataka akina mama waliokimbia vita kutoka Beni, ng'ambo ya pili Kongo, wasimulie habari za watu wao waliopotea. Aliahidi kupeleka majina kwa shirika linalotafuta waliopotea. Mama mmoja alikuja kwa hilo tu. Utafiti haukumhusu, alitaka jina la mwanawe lifike.

Akina mama hao hawafungui kikao bila fungu la rozari. Mmoja huongoza, wengine huitikia, tena kwa nguvu. Kwenye skrini profesa akainamisha kichwa.

"Angalia, naye iko anasali," mama mmoja akaninong'oneza, kafurahi kweli.

Kusali! Alikuwa anatafuta kitufe. Kelele zilimchosha, akatuzima sauti, kisha akasahau.

Sala ilipokwisha, yule mama aliyepotelewa na mwanawe akasogea, akasema yote: jina, kijiji, kovu la shavuni, shati alilovaa siku ile. Akalia, akajikaza, akaendelea. Profesa akatikisa kichwa kwa huruma, ile ya kujifunza shuleni. Ndipo nilipoona alama nyekundu ya kipaza sauti. Nikabonyeza, wapi! Ruhusa ni ya mwenye mkutano. Nikamwandikia ujumbe, hakusoma. Nikapunga mikono kama mtu anayefukuza nyani shambani, naye akanipungia akitabasamu. Ebo!

"Asanteni sana," akasema mwishoni. "Mtandao wenu ni mbaya, lakini nitasikiliza rekodi."

Rekodi ya nini, na sauti umeizima, mpumbavu wewe? Akatoka. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tulikuwepo, na letu halikuwepo.

Mama akanigeukia. "Balisikia jina ya mutoto wangu?"

"Hapana, mama. Hawakusikia kitu."

Hasira zilikuwa zangu mimi. Yeye alijifuta uso kwa kitenge, akakaa vizuri kwenye kiti. "Basi umuite tena. Mi niko hapa."

Nikampigia profesa. Akanijibu kwa haraka kwamba yuko kwenye mkutano mwingine, na kwamba akina mama wale wameongea vizuri sana. Mama alikuwa ananitazama mdomoni, akingoja nimpe simu.