Mtoto Yesu wa Andazi

Enzi zetu pale Majimoto tulijua Majilio yameingia pale bibi alipoacha kuimba Utukufu. Mwaka mzima aliuimba wimbo huo akipepeta mchele, akichambua mboga, hata akifukuza kuku. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Majilio alinyamaza, akasema Utukufu umefungiwa mpaka Krismasi. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba kuku walipata ujasiri wa kuingia mpaka sebuleni.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka mishumaa minne. Kwetu ilisimamishwa juu ya ungo uliozungushiwa majani mabichi, na kila Jumapili tukawasha mmoja zaidi. Mitatu ilitakiwa iwe ya zambarau na mmoja wa waridi, ila dukani kwetu mishumaa yote ilikuwa myeupe, basi mama aliiviringishia karatasi za peremende. Jumapili ya tatu karatasi ya waridi ilishika moto katikati ya sala. Baba akasema Amina kabla ya wakati wake, akaupuliza, tukaenda kula mapema. Katekista alitufundisha kwamba ile huitwa Jumapili ya Furaha, na mimi sikuhitaji maelezo zaidi.

Wiki ya mwisho tulipelekwa kwenye chemchemi ya maji moto tukasuguliwe. Mama alisugua visigino kwa jiwe kana kwamba Mtoto Yesu angekuja kuvikagua. Nguo za sikukuu zilikuwa zimeshashonwa, zimefungiwa sandukuni, na kila siku nilikwenda kunusa tundu la kufuli ili nipate harufu ya kitambaa kipya. Watoto wa siku hizi nguo mpya wanavaa hata Jumanne, bila sababu.

Halafu pango la Krismasi. Kila familia ya jumuiya yetu ilijenga pango lake kwenye kona ya sebule, kwa fito, nyasi na mifuko ya saruji iliyofinyangwa ifanane na mwamba. Lakini pango letu lilikuwa na sifa ya pekee: ng'ombe. Majirani zetu walikuwa wamehamia kutoka Usukumani na mifugo yao, na watoto wao walifinyanga ng'ombe wa udongo usiku na mchana. Hawakuwa Wakatoliki, ila waliposikia Yesu alizaliwa zizini waliona jambo hilo linawahusu. Kila Desemba walituletea ng'ombe, wenye nundu, wenye mabaka ya mkaa na chokaa, pembe ndefu kuliko miguu. Mwaka ninaousimulia tulikuwa nao thelathini na wanne. Yosefu wetu alionekana kama mtu aliyekwama mnadani.

Mtoto Yesu mwenyewe alikuwa kazi ya bibi. Alimfinyanga kwa udongo wa jaruba letu la mpunga, na baada ya Epifania, sikukuu ya Mamajusi, alimrudisha kulekule, akamzika kwenye tuta, akasema ametoka shambani na arudi shambani, akatuangalizie mpunga. Kwa hiyo kila mwaka ilibidi afinyangwe mpya. Na sharti lilikuwa asifinyangwe kabla ya wiki ya mwisho, kwa sababu, bibi alisema, mtoto hazaliwi miezi haijatimia. Ng'ombe ruksa. Mtoto, hapana.

Niseme ukweli, watoto aliofinyanga bibi walikuwa wabaya. Walifanana na kiazi kitamu kilichovikwa nepi. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi, moyoni, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wa kulalamika moyoni. Nilikuwa na miaka kumi. Nilipiga mistari ya daftari kwa rula hata ambapo ilishapigwa kiwandani. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa, kisha nikalia kwa sababu ya ukurasa uliochanwa.

Mwaka ule mikono ya bibi ilianza kutetemeka. Jumapili ya kwanza ya Majilio aliniita kando. Kwa kawaida aliniita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, lakini siku ile aliniita kwa jina.

"Goreti, mwaka huu Mtoto utamtengeneza wewe. Umeshapokea Komunyo, mikono yako ni safi."

Sikulala vizuri kwa wiki tatu. Siku moja kabla ya Krismasi, saa kumi jioni, jumuiya nzima ingekuja kusali kwetu, na aliyefinyanga Mtoto ndiye angemlaza kwenye hori mbele ya watu wote. Wangemwona. Wangemwona kwa karibu. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Velonika, alikuwa na desturi ya kuinama na kutoa maoni. Mwaka uliotangulia, kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu, alimtazama mchungaji wa udongo akauliza kama yule ni fisi.

Wiki ya mwisho ilipofika nilichota udongo nikaanza. Wa kwanza alikuwa na shingo ndefu. Wa pili hakuwa na shingo. Wa tatu nilimpenda mpaka nilipomtazama kwa upande. Shida ilikuwa pua. Ikawa kubwa, nikaipunguza, ikawa haipo, nikamponda mtoto mzima nikaanza upya. Bibi alipita akaona, akasema inatosha. Nikamwambia bado kidogo. Alipita tena jioni akasema inatosha, mke mwenzangu, mtoto ni mtoto. Nikasema bado. Siku nne zikaisha hivyo, na nje mvua haikukatika hata mara moja. Wale mnaojua Mpimbwe yetu ya Desemba mnajua: hakuna kinachokauka, hata shati linakaa kambani siku tatu na linanuka chura.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa na Mtoto mwenye pua nzuri kabisa, na alikuwa mbichi kama ugali wa moto. Ukimshika anabonyea. Basi nikafanya kosa ambalo mtoto yeyote wa jirani angenikataza, maana wao ng'ombe wao walishakauka tangu kiangazi. Nilimweka jikoni pembeni ya mafiga, karibu na makaa, apate joto. Nikamsogeza kidogo. Nikamsogeza tena.

Alipasuka kwa mlio kama wa bisi kubwa. Kichwa kiliruka, kikatua kwenye sufuria ya maharage. Mama, aliyekuwa anakanda unga wa maandazi, alichukua mwiko, akakiopoa, akakitazama, akasema kwa upole, "Pua ilikuwa nzuri."

Nililia mpaka kwikwi. Muda wa kufinyanga na kukausha mwingine haukuwepo, na mama hakuwa na subira ya kilio siku ya kazi. Alimega donge la unga akaniwekea kiganjani.

"Haya, huyu hahitaji jua."

Nikamfinyanga kwa unga. Na nakiri, akiwa mbichi alikuwa mzuri kuliko wote: pua, vidole, nepi yenye mikunjo. Nikamchomekea choroko mbili ziwe macho. Mama akamtumbukiza kwenye karai la mafuta, na mbele ya macho yangu Mtoto Yesu akaanza kuvimba. Tumbo likatangulia. Mashavu yakafuata. Pua ikamezwa na mashavu. Alitoka mwekundu, mnene, akimeremeta, mikono imenyanyuka kama mtu aliyeshiba anayekataa kuongezewa.

Bibi alimpapasa kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akatabasamu. "Huyu amenona. Mariamu kanyonyesha."

Nyumba nzima ilicheka isipokuwa mimi na mdogo wangu Deo. Mimi kwa aibu. Deo, aliyekuwa na miaka mitano, kwa sababu alikuwa ananusa. Maandazi yote ya Krismasi yalikuwa yamehesabiwa na kufunikwa mpaka kesho yake baada ya misa.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka. Mama aliniambia nifunike sahani ya Mtoto kwa kitambaa, niiweke juu ya kabati la vyombo, Deo asifikie. Nilifunika. Lakini sahani niliiweka juu ya stuli. Stuli yenyewe niliivuta mpaka karibu na mlango wa chumba ambamo Deo alikuwa amelazwa ili asisumbue wapishi. Kisha nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeniagiza, nikakaa kisimani muda mrefu. Sikutaka Mama Velonika aone tumbo lile. Nilitaka lipotee, na nilitaka lisipotee kwa mkono wangu.

Saa kumi jumuiya ikaja, miguu ina matope, kanga za kanisani mabegani. Wakaketi kwenye mabenchi, wakaimba. Sahani mmoja wa wapishi alikuwa ameshaiweka mbele ya pango bila kuifunua, kitambaa juu yake kikionekana bapa kidogo kuliko inavyotakiwa. Mimi peke yangu niliona ubapa ule. Baba akasoma Injili. Aliposema wakamlaza horini, bibi akanipa ishara. Nikafunua.

Kwenye sahani kulikuwa na choroko mbili.

Wimbo ulikuwa umeshaanzishwa, ukafia njiani. Mama Velonika akainama, kama kawaida yake, akatazama zile choroko, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maoni. Mama akageuka polepole. Deo alikuwa amekaa mkekani, mdomo unang'aa mafuta mpaka masikioni.

"Deo," mama akasema. "Mtoto Yesu yuko wapi?"

"Nimemla."

Hakuficha hata kidogo. Mama alinyanyua mkono, watu wakashika vinywa, na mimi, dada mkubwa, mwenye mikono safi, nilisimama pale nikiwa na kitambaa mkononi nisiseme neno. Deo akautazama ule mkono, kisha akatutazama sisi wote kwa hasira.

"Mbona nyie mnamla kila Jumapili? Mnakwenda mbele wote, mnaniacha kwenye benchi na mabegi."

Baba aliitazama Injili kama vile jibu lingekuwa ukurasa unaofuata. Halafu nikasikia sauti kama ya mtu anayekohoa, na alikuwa bibi. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akaushusha mkono wa mama.

"Mwache. Mwaka jana alilala kwenye nyasi. Mwaka huu kapata chumba." Kisha akanigeukia. "Goreti, kazi yako haijaisha. Mlaze Mtoto."

Sikuelewa. Bibi akanionyesha Deo kwa kidevu. Basi nikamshika mdogo wangu mkono, nikamvusha kati ya wale ng'ombe thelathini na wanne, tukavunja pembe mbili, nikamketisha mbele ya Yosefu. Alikunja mikono kifuani bila kuambiwa. Mama Velonika akaanzisha upya, na jumuiya ikaimba kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia kwa wale watoto wa udongo, huku Deo amekaa wima, mzito, mtakatifu, amenyamaza kabisa. Alicheua mara moja tu, wakati wa maombi ya waumini. Mtu mmoja akajibu, "Twakuomba utusikie."

Kesho yake asubuhi, kabla ya misa, padri aliungamisha watu kigangoni kwetu. Nilikuwa na dhambi zangu nimezipanga kwa mpangilio wa amri. Nikazitaja zote. Ya stuli nikairuka. Baada ya misa bibi akaimba Utukufu njia nzima mpaka nyumbani, na mimi nikashindwa kuitikia.

Epifania ilipofika ilibidi desturi itimizwe. Bibi alimpeleka Deo jarubani, akamsimamisha kwenye tope, akasali. Deo alizama mpaka magoti, tukamvuta watu watatu, akatoka bila kiatu kimoja. Kiatu kiko kule mpaka leo. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa kama ya miaka mingine, ila bibi alisisitiza kwamba wali ulikuwa na utamu fulani.

Bibi amelala sasa, si mbali na lile jaruba. Majirani walikwisha kuhama na ng'ombe wao. Pango letu la siku hizi Deo alilinunua Mpanda mjini, lina taa za kuwaka na kuzima na linapiga muziki lenyewe, hata kama hujisikii kuimba. Mtoto ni wa plastiki. Pua yake imenyooka, ile ile niliyoitafuta siku nne kwenye mvua. Hapasuki, havimbi, hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake. Epifania ikipita anarudi kwenye boksi, mwakani anatoka vilevile. Simwoni akizaliwa. Namwona akitolewa.

Krismasi iliyopita tulikutana wote nyumbani. Nilimkuta Deo peke yake barazani, nikamweleza habari ya stuli. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa miaka mingi, hata nilikuwa nimeiandika na kuifuta. Alinisikiliza akitafuna muwa.

"Dada, nilijua. Stuli ina miguu mitatu, lakini haikutembea yenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Wangekuchapa wewe. Halafu nani angeniketisha pale mbele?"

Nikaingia jikoni. Mama, mzee sasa, alikuwa anakanda unga. Nikamega donge, nikafinyanga Mtoto haraka haraka, nikamchomekea choroko mbili, sikumtazama kwa upande. Akavimba karaini vilevile, tumbo likitangulia. Nikamweka kwenye sahani, nikaiweka sahani juu ya stuli, karibu na mlango wa chumba walimokuwa watoto wa Deo na simu zao. Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeniagiza.

Niliporudi andazi lilikuwa palepale, zima. Watoto walikuwa wamelipiga picha.

Deo alikuwa amesimama mlangoni. Alilitazama andazi, akanitazama mimi. Kisha akainama, akachomoa choroko mbili, akaziweka taratibu ukingoni mwa sahani.