Kazi ya Dakika Arobaini

Kaka yangu alikuwa mkurugenzi mkuu wa shirika la umeme, na kwa miaka saba kila umeme ulipokatika aliyekoma ni mimi. Watu hawakupiga simu shirikani, walinipigia mimi. "Mwambie kaka yako nyama inaoza kwenye friji!" Utadhani umeme ameuficha mfukoni. Mume wangu alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Naye alikuwa mpanda nguzo wa shirika hilohilo, kwa hiyo lawama za wakubwa na za wadogo zote zilikuja mlango mmoja.

Wawili hao walianza pamoja. Kaka aliajiriwa kuchimba mashimo ya nguzo. Baada ya miezi sita akapewa mkanda wa kupandia, na mwenzake wa kupanda naye akawa kijana mmoja wa maneno mengi, ambaye Jumapili moja alimleta nyumbani kula. Hakuondoka tena, ndivyo nilivyoolewa. Kwa miaka kumi na miwili walikuwa chanda na pete. Kazi yao kubwa ilikuwa kubadilisha vikombe, vile vinavyoshika waya juu ya nguzo. Kupanda, kufungua, kufunga, kushuka: dakika arobaini. Walijipima kwa saa ya kaka na wakatamba nayo kila mahali, hata kwenye harusi yangu, mbele ya wakwe.

Kisha kaka akasoma. Alisoma masomo ya jioni huku viganja vimejaa malengelenge, akawa msimamizi, akawa mhandisi, akawa meneja, mwisho wakampa kiti kikubwa. Hakubadilika sana, ila suti. Mwaka wake wa kwanza aliandika kijitabu cha usalama, na kanuni ya kwanza ilisema swichi haiguswi mpaka aliyepanda asikike mwenyewe kwenye redio akisema ameshuka. Alitaka pia kumpandisha cheo mume wangu, akakataliwa. "Shemeji, huko ofisini mnakaa tu. Mimi nitaota kutu." Kaka akamwita kichwa kigumu, wakaendelea kula.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Miaka mitatu kabla ya siku ile, goti la mume wangu lilianza kukwama. Kupanda hakukuwa shida, kushuka ndiko kulikomtesa. Kila asubuhi nililikanda kwa maji ya moto, mlango wa chumba tumeufunga kama wezi. "Kaka yako asijue," aliniambia. "Akijua atanishusha siku hiyohiyo, anipe meza na kalamu." Nikafunga mdomo. Nilimpenda, na aliniomba jambo dogo.

Siku ile ilikuwa Jumanne, mchana. Njia ya umeme wa hospitali kubwa ilizimwa ili kikombe kilichopasuka kibadilishwe, na hospitali ikawa inategemea jenereta. Jenereta ikafa. Daktari akampigia kaka moja kwa moja: kuna watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wamo kwenye mashine, na mashine zimezima. Kaka alikimbia ngazi mpaka chumba cha kuongozea umeme. Msimamizi wa zamu akamwambia wamewaita walio nguzoni mara nne, redio haijibu.

"Aliyepanda ni nani?" kaka akauliza. Wakamtajia mume wangu. Akatazama saa yake.

"Kikombe kimoja? Yule ni dakika arobaini. Imepita saa nzima, ameshashuka zamani. Washa."

Redio ilikuwa kwenye gari. Mume wangu alikuwa bado juu; mwenzake wa kikosi alikuwa chini ya nguzo, amemshikia kamba kwa mikono miwili, anamwambia taratibu, mzee, taratibu. Kazi ilikuwa imekwisha, nyaya za kinga, zile zinazoupeleka umeme ardhini ukirudi ghafla, zimeshatolewa. Kilichobaki ni kushuka, na goti lilikuwa limekwama. Umeme ukarudi, ukamuua hukohuko juu.

Watoto wa hospitali walipona wote. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kila ninapolisema nafurahi na roho inaniuma papo hapo.

Bodi ilitaka kuandika uzembe wa kikosi, kwa kuwa redio iliachwa garini. Kaka akakataa katakata. Alisimama mbele ya wachunguzi akasema, "Ni mimi. Nimevunja kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu." Akaacha kazi siku hiyohiyo. Akaja kwangu akakaa sakafuni, nikampiga ngumi za kifua mpaka nikachoka, kisha nikampakulia chakula. Ningefanya nini? Ni kaka yangu.

Tangu hapo alikuja kila Jumapili. Alikula kidogo, halafu likaja swali lilelile: "Mdogo wangu, saa nzima kwa kikombe kimoja? Alikuwa anafanya nini yule?" Kila mara nilimjibu sijui. Alikonda akabaki mifupa. Alijua hesabu yake ilikosea, hakujua wapi. Alikuwa amemhesabu shemeji yake kwa miguu ya kijana wa miaka ishirini na mitano, maana yeye mwenyewe alikuwa ameacha kupanda miaka mingi na hakumwona akizeeka juu ya nguzo. Mimi ndiye niliyemwona.

Jumapili moja nikashindwa. Aliuliza tena, nami nikaweka kijiko chini.

"Goti," nikasema. "Lilikuwa linakwama, miaka mitatu. Alinikataza nisikuambie."

Nilidhani ninamtua mzigo. Alisukuma sahani kando.

"Ungeniambia ningemshusha."

"Ndiyo maana hakutaka ujue."

"Najua. Lakini ungeniambia."

Hakupandisha sauti. Alinawa mikono, akachukua kofia yake, akatoka. Sahani yake ilikuwa haijaguswa.

Jumapili iliyofuata nilipika kama kawaida. Nikangoja, chakula kikapoa, nikakipasha, kikapoa tena. Saa tisa akapiga simu.

"Sijakukasirikia, mdogo wangu," alisema. "Nani atakukasirikia? Ila kukutazama ndiko nisikoweza."

"Basi usinitazame, kaka. Kaa unipe mgongo, ule, uondoke. Lakini njoo."

Niliyasema yote hayo, kisha nikagundua simu ilikuwa imeshakatwa.