Siku Kumi na Moja za Brigid Pale Malaba

Simu ilimkuta Aguti uani kwao Angurai akipukuchua mahindi. Ni kaka yake Okedi, sauti imemkauka. "Dada, Brigid ametuacha. Ile homa ya mapafu. Saa hii tu, hapa hospitali." Aguti alipomweleza mama yao, mama akapiga yowe: "Brigid, jicho langu!" Na Aguti, Mungu amsamehe, la kwanza kumpitia moyoni lilikuwa hili: mimi angenililia hivyo?

Wivu huo ulikuwa na umri. Miezi minne nyuma, yeye na mdogo wake Brigid walipeleka barua za kuomba kazi pamoja kwa kampuni moja ya kupitisha mizigo mpakani Malaba. Aliyeitwa kazini ni Brigid peke yake. Kila asubuhi Aguti alimwona akipanda boda na viatu vinang'aa, naye akashika jembe. Alisali rozari, wivu ukamngoja amalize.

Siku ya kumi na moja Brigid alirudi saa tano asubuhi.

"Nimeiacha kazi," alisema.

Hakuna aliyemwonyesha chochote. Kila mtu pale alilinda wateja wake, na mgeni akiuliza anajibiwa, "Hapa si chuo, dada." Walimtuma kwenye foleni ya malori anakili namba za sili, vile vifungo vya kuzuia kontena lisifunguliwe njiani. Hakuwahi kuona sili, akanakili namba iliyochorwa kwenye mlango wa kontena. Lori likarudishwa, bosi akamfokea mbele ya madereva, wenzake wakicheka.

Aguti alimpa pole huku moyoni anashangilia. Jumapili akawaambia akina mama wa jumuiya, "Wamemfukuza." Neno likaenea mpaka likamfikia Brigid. Hakuuliza limetoka wapi.

Sasa, siku ya tatu ya matanga, Aguti alikuwa akiandika wasifu wa kusomwa mazishini. Winny, aliyekuwa karani kwenye ofisi ile ya Malaba, akaketi kando yake, akasoma mstari uliohusu kazi.

"Alifukuzwa? Nani alikudanganya? Bosi mwenyewe alimpigia arudi. Brigid akamwambia, nipe mtu anifundishe wiki moja tu. Bosi akakataa. Mimi nilikuwa hapo, nikanyamaza kama gogo."

Walimwita arudi! Hata hapo wivu ulimchoma Aguti. Yeye barua yake haikujibiwa. Angeweza kuuacha mstari ule ulivyo, na Brigid azikwe nao. Alikaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha akaukata.

Ijumaa alisimama mbele ya jeneza, akasoma: "Kazi ya Malaba Brigid aliiacha mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyemsaidia. Aliyesema alifukuzwa ni mimi. Nilimwonea wivu."

Akina mama wa jumuiya walitazamana. Mama yake hakuinua uso. Katekista alikohoa, akaanzisha wimbo.

Jeneza likashushwa. Mama alitupa udongo, akafuata Okedi, kisha Aguti, konzi moja. Vijana wakajaza kaburi, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina na miaka. Walisali Baba Yetu, watu wakanawa mikono, wakaenda kula.